Chaja ndani ya gari la porini: waya upi uwe mrefu?

Masika yakiingia, kambi nyingi za kaskazini mwa Tanzania hufungwa na magari ya watalii hurudi Arusha kusubiri msimu. Land Cruiser iliyoegeshwa uani mwezi mzima inaonekana imepumzika, lakini betri yake iko kazini. Kifaa cha kufuatilia gari, kengele ya wizi na redio vikinyonya kwa pamoja miliampea 50 tu, kwa siku 30 vinakula ampea-saa 36. Kwa betri ya ampea-saa 70, hiyo ni nusu ya akiba yote. Betri ya tindikali ikiachwa hivyo, salfeti hugandamana kwenye sahani zake na kuwa ngumu, na uwezo unaopotea kwa njia hiyo ni vigumu kuurudisha. Ndiyo maana betri ya mwaka mmoja inaweza kukutwa imekufa mwezi Juni.

Kuliwasha gari dakika chache kila wiki hakutoshi. Betri ikishakaribia asilimia 80 hupokea umeme polepole sana, kama mtu aliyekwisha kushiba, na sehemu iliyobaki huhitaji saa nyingi. Hakuna atakayeunguza dizeli kwa muda huo gari likiwa limesimama. Chaja ya umeme wa nyumbani inaweza kusubiri: husukuma mkondo wake wote mpaka volti zifike 14.4 hivi, hukaa hapo mkondo ukipungua, kisha hushuka kwenye volti 13.5 na kuulinda ujazo bila kukausha maji ya betri. Ikifungwa ndani ya gari kabisa, dereva akifika huchomeka waya mmoja na kwenda zake.

Kwa betri ya ampea-saa 100, chaja ya ampea 10 hadi 20 inafaa. Nunua iliyozibwa dhidi ya maji, maana gari hili huvuka mito, na hakikisha ina mpangilio wa aina ya betri yako. Betri ya litiamu haichajiwi kama ya tindikali.

Mahali pa kuifunga ndipo wengi wanapokosea. Fundi huona nafasi nyuma ya viti, anaifunga huko, kisha anavuta waya mwembamba mpaka mbele kwenye betri. Tupige hesabu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, urefu mita nne kwenda na nne kurudi, ukibeba ampea 15, unapoteza zaidi ya volti 0.8. Chaja inasoma 14.4 kwenye ncha zake huku betri ikipata 13.6. Chaja inaanza kupunguza mkondo kabla ya wakati, na ile inayofuata saa yake itaacha kazi betri haijajaa. Mwenye gari atailaumu betri.

Sasa geuza. Kazi ileile, ampea 15 kwa volti 14, ni kama wati 210. Kwa umeme wa volti 230 wati hizo zinahitaji takriban ampea moja, mkondo ambao waya mwembamba hubeba mita nyingi bila hasara ya maana. Kwa hiyo waya mrefu uwe wa upande wa ukutani, na ule wa betri uwe mfupi na mnene: usizidi mita moja, milimita za mraba 6. Chaja ikae chini ya boneti jirani na betri, ikibanwa kwenye bati ili joto lake lipate pa kwenda, mbali na ekzosti na turbo.

Fyuzi ya ampea 25 ifungwe kwenye waya chanya, shubiri moja tu kutoka kwenye betri. Wengine huiweka upande wa chaja, na hapo hailindi kitu: waya ukisuguliwa na bodi hadi ukachubuka, betri ndiyo itakayomwaga mamia ya ampea na kuwasha moto. Katika magari mapya yenye kihisi kwenye teminali hasi, waya hasi wa chaja ufungwe kwenye bodi, si juu ya teminali, ili kihisi kihesabu umeme unaoingia.

Upande wa volti 230 sitaki mzaha nao. Gari limesimama juu ya matairi ya mpira. Waya wa moto ukigusa bodi, bodi nzima inabeba umeme, na atakayeshika mlango akiwa amesimama kwenye udongo wenye unyevu ndiye atakayekuwa njia ya kwenda ardhini. Waya wa ethi uunganishwe na chasisi kwa bolti iliyokwanguliwa rangi, na soketi ya nyumbani ilindwe na swichi inayokata umeme unapovuja miliampea 30. Ncha inayobaki garini iwe ya pini, ile ya waya iwe ya matundu, ili pini zisibaki wazi zikiwa na umeme. Betri ya tindikali ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hiyo banda liwe na hewa.

Kazi ikiisha, chaja ikiwa inasukuma mkondo wote, pima volti kwenye ncha za chaja, kisha kwenye teminali za betri. Tofauti ikizidi volti 0.2, kuna kiungo kilicholegea au chenye kutu upande wa betri. Mara nyingi ndicho kitakachokuwa na joto kuliko vingine.