Adamu ao bonobo? Watoto wetu wasilazimishwe kuchagua kati ya Mungu na biolojia

Mtoto wa dada yangu alirudi kutoka shule siku moja na karatasi ya interogasio ya biolojia, imekunjwa mara nne mfukoni. Yuko darasa la tano ya sekondari, opsio ya kemia-biolojia, na kawaida hafichi pointi zake. Siku hiyo alikuwa amepata nne juu ya kumi. Swali la mwisho, lile lenye pointi nyingi, lilimwomba aeleze mageuzi ya viumbe. Hakuandika hata neno moja.

Nilimuuliza kama hakusoma. Akanijibu: « Mjomba, jibu nalijua. Lakini nikiliandika, nitakuwa nimemkana Mungu. »

Wazazi wengi katika miji yetu wanajua hali hii. Katikati ya wiki, mwalimu anaandika ubaoni kwamba viumbe vyote vilibadilika polepole kwa mamilioni ya miaka. Jumapili, mhubiri anashika maikro na kusema kwamba anayekubali hayo anajiita mtoto wa nyani. Kijana anabaki katikati. Wengine wanafunga akili darasani, wanakariri kwa ajili ya mtihani wa taifa tu. Wengine, wakifika chuo kikuu, wanaona kwamba sayansi ina ushahidi, basi wanaacha kanisa kimya kimya. Njia zote mbili zina hasara, na hakuna aliyelazimika kuzifuata.

Nini sayansi inasema

Kwanza tuondoe kosa moja. Sayansi haisemi kwamba bibi yako alikuwa sokwe. Inasema kwamba binadamu na sokwe ni kama watoto wa ukoo mmoja walioachana zamani sana, kama miaka milioni sita ao saba iliyopita. Bonobo si babu yetu. Ni binamu wa mbali.

Na binamu huyo anaishi kwetu tu. Hakuna nchi nyingine duniani yenye bonobo wa porini isipokuwa Kongo, na wote wako upande wa kusini wa mto Kongo. Sokwe wa kawaida wako ng'ambo. Wanyama hawa hawajui kuogelea, na mto ni mpana. Watafiti wanakadiria kwamba makundi hayo mawili yalitengana kati ya miaka milioni moja na milioni mbili iliyopita. Tangu hapo kila upande ulifuata njia yake, katika umbo na hata katika tabia.

Charles Darwin, Mwingereza, alitoa kitabu chake juu ya asili ya viumbe mwaka 1859. Wazo lake kubwa si gumu. Watoto wa wazazi wamoja hawafanani wote. Wale ambao tofauti yao inawasaidia kuishi mahali walipo, wanaacha watoto wengi zaidi, na watoto hao wanarithi tofauti hiyo. Vizazi vikipita kwa maelfu, kiumbe kinageuka.

Mvuvi wa Uvira ao Kalemie ana ushahidi katika wavu wake. Katika ziwa Tanganyika kuna zaidi ya aina 200 za samaki wa familia moja, ile ya sikilidi, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote. Kati yao kuna samaki wanaokula magamba ya samaki wengine. Mdomo wao umepinda: kuna waliopinda kuume, kuna waliopinda kushoto, na kila mmoja anashambulia ubavu mmoja tu. Mwaka 1993, mtafiti Mjapani Michio Hori alionyesha jambo la kushangaza. Upande mmoja ukiwa na wengi, samaki wanaoshambuliwa wanajifunza kulinda ubavu ule. Kisha wale wachache wa upande wa pili wanapata chakula kwa urahisi, wanazaa zaidi, na hesabu inageuka. Hapo uteuzi wa asili unaonekana kwa macho, ndani ya miaka michache tu.

Ushahidi ulioingia nyumbani mwetu

Lakini si samaki walionifundisha mimi. Ni mtoto.

Dada yangu alikuwa na mtoto wa mwisho ambaye tangu umri wa miezi minane alikuwa akivimba mikono na miguu, akilia usiku, akikosa damu. Katika chumba kimoja cha maombi, mtu aliyejiita nabii alisema kwamba nyanya ya mtoto, mama wa baba yake, ndiye anayekula damu yake. Mama huyo mzee alifukuzwa nyumbani. Aliishi kwa majirani miaka miwili. Siku mtoto alipopimwa vizuri hospitalini, tulijua kwamba alikuwa na drepanositozi, ugonjwa ambao wengi wanauita SS tu. Hakuna mtu aliyemloga. Alirithi S moja kwa baba na S moja kwa mama, na wote wawili ni AS, wazima kabisa. Alikufa akiwa na miaka tisa.

Kongo ni moja ya nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu duniani. Kwa nini hapa? Jibu linatoka moja kwa moja katika somo lile ambalo kijana wetu alikataa kuandika. Mwaka 1954, daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba watu wenye AS wanakingwa kwa sehemu dhidi ya malaria kali. Alikuta kwamba Afrika ya Mashariki, mahali penye mbu wengi pana AS wengi, na kwenye milima ya baridi wako wachache.

Maana yake ni hii. Kwa maelfu ya miaka, malaria iliua watoto wa AA kuliko watoto wa AS. AS walibaki, wakakua, wakazaa. Ndiyo sababu S haikupotea, hata kama wale wanaopokea S mbili wanateseka. Wazazi wawili wa AS wakizaa, kila mimba ina nafasi moja juu ya nne ya kuleta mtoto wa SS. Nafasi hiyo haiangalii kama nyanya ni mwema ao mbaya.

Mimi niliona wazi kwamba kukosa kujua mageuzi si jambo la kupoteza pointi tu. Katika familia yetu kulifukuza mama mzee katika nyumba ya mtoto wake.

Nini Wakristo wa mbele walisema

Wengi wanadhani kwamba Wakristo wote, tangu mwanzo, walisoma siku sita za Mwanzo kama siku za kalenda. Sivyo. Augustino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, katika nchi inayoitwa leo Algeria, aliandika kitabu kizima juu ya maana ya Mwanzo zaidi ya miaka 1600 iliyopita. Yeye hakuziona siku zile kuwa siku za saa ishirini na nne. Tena aliwaonya Wakristo wasiseme mambo ya upuzi juu ya nyota na dunia kwa jina la Maandiko, kwa sababu asiyeamini akiwasikia atacheka, na hatawasikiliza tena wakimwambia juu ya ufufuo.

Na Biblia yenyewe inatupa alama. Katika sura ya kwanza, nuru inakuja siku ya kwanza na jua siku ya nne. Sura ya kwanza inaweka mtu nyuma ya wanyama, sura ya pili inamweka mbele yao. Waliokusanya sura hizo hawakuwa vipofu. Waliziweka pamoja kwa sababu walitaka kusema nani aliumba na kwa ajili ya nini, si kuandika ripoti ya labo. Hesabu ya miaka 6000 haiandikwi katika mstari wowote. Inayojulikana zaidi ni ya askofu mkuu James Ussher wa Ireland, ambaye mwaka 1650 alijumlisha miaka ya vizazi na kufika mwaka 4004 kabla ya Kristo. Huko Katanda, kwenye mto Semliki, Kivu ya Kaskazini, wachimbaji wa mambo ya kale walipata vyusa vya mfupa vya kuvulia kambale vinavyokadiriwa kuwa na miaka kama 90.000. Wavuvi wetu walikuwa kazini zamani kabla ya hesabu ya Ussher.

Kwa upande wa Wakatoliki, Papa Pio wa 12 aliandika mwaka 1950 kwamba mtu anaruhusiwa kuchunguza kama mwili wa binadamu ulitoka katika viumbe vilivyokuwako, mradi akubali kwamba roho inaumbwa na Mungu mwenyewe. Tarehe 22 Oktoba 1996, Yohane Paulo wa 2 alisema kwamba mageuzi ni zaidi ya dhana tu. Mwaka 2014, Papa Fransisko alisema kwamba tusimwone Mungu kama mfanya mazingaombwe. Na padri Georges Lemaître, Mbelgiji, ndiye aliyetoa mwaka 1931 wazo la mwanzo wa ulimwengu linaloitwa leo Big Bang. Alikuwa profesa wa chuo kikuu cha Louvain, kile kile kilichozaa Lovanium ya Kinshasa mwaka 1954.

Kati ya Waprotestanti, Francis Collins, aliyeongoza kazi kubwa ya kusoma jeni zote za binadamu, ni mwamini wa kiinjili na anakubali mageuzi bila wasiwasi. Theodosius Dobzhansky, mmoja wa wakubwa wa biolojia ya karne ya 20, alikuwa Mwortodoksi. Hata kati ya Waislamu, ambao ni wengi huko Maniema, wako wanazuoni wanaokubali mageuzi ya mimea na wanyama, huku wakisimama imara kwamba Adamu aliumbwa kwa namna ya pekee. Wengine wanakataa yote. Mjadala uko wazi.

Swali gumu linabaki

Singependa kumdanganya msomaji kwamba kila kitu kimeisha. Mhubiri anayeogopa mageuzi ana sababu ambazo si za ujinga. Kama kifo kilikuwako mamilioni ya miaka kabla ya mtu, tutaelewaje dhambi ya Adamu? Kama S inalinda mtoto mmoja kwa kumtesa mwingine, wema wa Muumba uko wapi? Wanateolojia wanaitafuta njia, na hawakubaliani wote. Mimi, niliyebeba sanduku la mtoto wa miaka tisa, sina jibu zuri.

Lakini swali la mateso halikuletwa na Darwin. Ayubu aliliuliza zamani. Na kukataa biolojia hakupunguzi machozi hata tone moja. Kunatafuta tu mtu wa kulaumu, na mara nyingi ni mama mzee.

Kwa upande wa pili, kuna walimu wanaosema darasani kwamba mageuzi yameonyesha hakuna Mungu. Nao wanatoka nje ya kozi. Darubini inaonyesha namna chembe zinavyobadilika. Haiwezi kuonyesha kama nyuma ya yote kuna mapenzi ya mtu ao hakuna. Anayesema hivyo anahubiri pia, ila bila maikro.

Kwa hiyo ombi langu kwa pande zote mbili ni dogo. Mwalimu, fundisha somo lako lote, lakini usimcheke mtoto anayeomba. Mchungaji, hubiri kwamba Mungu ndiye Muumba, lakini usimwambie mtoto kwamba kuandika jibu sahihi ni kumkana.

Mwezi uliopita, binti mkubwa wa dada yangu alileta mchumba. Kabla ya kuzungumza mali ya kumtolea, tuliomba wote wawili wapime damu. Karatasi zikaja: yeye AS, kijana AA. Dada yangu hakuelewa, akaanza kutetemeka kwa kuona ile S. Mtoto wake, yule wa interogasio, alichukua kalamu na kuchora mraba wa vyumba vinne nyuma ya karatasi. Akamwonyesha mama yake chumba kwa chumba: AA, AA, AS, AS. Hakuna SS.

Mama mzee, yule aliyefukuzwa, alikuwa amekaa karibu na mlango. Ndiye aliyeomba kwanza kusali.