Mali ni Yako, Karatasi Ziko Wapi?

Agosti 2012, mpiga fidla wa Kijapani, Yuzuko Horigome, alitua uwanja wa ndege wa Frankfurt nchini Ujerumani akitokea Tokyo. Alikuwa akirejea nyumbani kwake Ubelgiji. Alibeba fidla ya mwaka 1741 iliyoundwa na fundi wa Kiitaliano wa ukoo wa Guarneri, aliyoinunua mwaka 1986 na kuipiga majukwaani kwa zaidi ya robo karne. Maofisa wa forodha waliithamini kwa takriban yuro milioni moja, wakadai ushuru wa yuro 190,000, kisha wakaizuia. Walitaka hati za kuthibitisha kwamba chombo hicho ni chake tangu zamani na kwamba hakikuwa bidhaa mpya inayoingizwa Ulaya, naye hakuwa nazo mkononi. Mwezi uliofuata alirudishiwa fidla yake bila kulipa ushuru huo.

Wasafiri wengi wa Afrika Mashariki hawabebi fidla za karne ya 18. Wanabeba kidani na bangili za harusi, noti za kwenda kununua mzigo Dubai au Guangzhou, kompyuta ya kazi, simu mpya za ndugu, kinyago cha kumpelekea mwenyeji. Hata hivyo swali wanalokutana nalo ni lilelile, na huanza kuulizwa mapema kuliko wengi wanavyodhani, siku ya kuomba viza. Ofisa wa ubalozi na ofisa wa forodha hawajuani na kila mmoja ana sheria zake, lakini wote wawili wanataka kujua mambo mawili: ulicho nacho umekipata wapi, na je, kitarudi pamoja nawe?

Anayejiandaa kujibu maswali hayo kwa maandishi hupunguza sana hatari ya kupoteza ada, safari au mali.

Viza: fedha zenye historia

Viza ya Schengen ni mfano mzuri, kwa kuwa hati moja humfungulia mtalii nchi 29 za Ulaya. Mkataba wake ulitiwa saini na nchi tano tu, Juni 14, 1985, katika kijiji cha Schengen nchini Luxembourg. Mwenye viza hiyo ya matembezi huruhusiwa kukaa hadi siku 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180. Tangu Juni 11, 2024 ada yake ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na mwombaji akikataliwa ada hairudi.

Masharti ya msingi yanajulikana. Maombi hupelekwa si mapema kuliko miezi sita kabla ya safari, wala si chini ya siku 15 kabla. Jibu hutakiwa kutoka ndani ya siku 15, ingawa uchunguzi unaweza kurefushwa hadi siku 45. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kutumika angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Anayetaka kuzuru nchi zaidi ya moja huomba kwa ile atakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, huomba kwa ile atakayoingia kwanza.

Pagumu ni kwenye fedha. Mwaka 2024 nchi za Schengen zilipokea maombi ya viza za muda mfupi milioni 11.7 na kutoa viza zaidi ya milioni 9.7. Anayenyimwa hupewa fomu yenye sababu zilizoandikwa tayari, na zinazoumiza wengi ni hizi: hakuthibitisha kwamba ana fedha za kutosha, hakueleza vizuri madhumuni ya safari, au kuna shaka kama kweli atarudi kwao. Fomu hiyohiyo humweleza mwombaji namna ya kukata rufaa, haki ambayo watu wengi huiacha ipite.

Marekani imeiweka shaka hiyo ndani ya sheria yenyewe. Kifungu cha 214(b) cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya mwaka 1952 humchukulia mwombaji wa viza ya utalii kuwa ni mhamiaji mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Mzigo wa kuthibitisha uko kwake. Hakuna rufaa kwa uamuzi huo. Anaweza tu kuomba upya na kulipa ada upya.

Hapa ndipo desturi ya kukopa fedha kwa ndugu na kuzijaza benki wiki moja kabla ya maombi inapowaponza watu. Ofisa haangalii salio la mwisho peke yake. Anasoma miezi kadhaa ya akaunti: mshahara unaingia lini, kodi ya nyumba inatoka lini, na kwa nini ghafla zimeingia shilingi milioni kumi zisizo na chanzo. Akaunti yenye kiasi cha wastani kinachoingia na kutoka kwa mpangilio humsemea mtu vizuri kuliko salio nono la siku nne.

Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo au Gikomba, ugumu ni mkubwa zaidi. Akiba yake iko kwenye mzigo dukani, kwenye kikoba au chama, na kwenye simu. Mali hiyo ipo kweli, ila ofisa aliye mbali haioni. Njia ni kuigeuza kuwa maandishi: leseni ya biashara, hati za kodi, taarifa za miamala ya simu, barua ya uongozi wa kikundi inayoonyesha michango ya mwanachama, hati ya kiwanja. Aliyeajiriwa huleta barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara na tarehe ya kurudi kazini. Kila hati ijibu mojawapo ya yale maswali mawili.

Vishoka wanaouza taarifa bandia za benki na barua za kazi za kughushi wanauza hasara. Kwa sheria ya Marekani, mtu akibainika kudanganya katika jambo la msingi ili apate viza anaweza kufungiwa mlango maisha. Aliyekataliwa kwa ukweli wake bado anaweza kurudi mwaka mwingine, hali yake ikiwa imebadilika.

Noti: kutoa taarifa si kulipa kodi

Mwaka 1994, Hosep Bajakajian alikuwa uwanja wa ndege wa Los Angeles pamoja na mkewe na binti zake wawili, wakisafiri kwenda Cyprus. Alikuwa amebeba fedha halali za kulipa deni halali. Mbwa waliofunzwa kunusa noti walizigundua kama dola 230,000 ndani ya mabegi yaliyokwisha kupokelewa. Ofisa alimweleza kwamba anayetoka na zaidi ya dola 10,000 lazima aziandikishe, kisha akamuuliza wana kiasi gani. Akajibu kuwa yeye na mkewe wana dola 15,000. Upekuzi ulipokamilika, jumla ilikuwa dola 357,144.

Serikali ilitaka kuzitwaa zote. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1998 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba kutwaa kiasi chote ni adhabu iliyopita mipaka, kwa kuwa kosa lilikuwa kutoziandikisha tu. Hata hivyo dola 15,000 zilitwaliwa, akatozwa faini ya dola 5,000 na kuwekwa chini ya uangalizi kwa miaka mitatu. Mwaka 2001 Bunge la nchi hiyo lilitunga kosa jipya la kusafirisha noti kwa kificho, lenye kifungo cha hadi miaka mitano.

Inauma kusoma kesi hiyo ukijua kwamba fomu aliyoikwepa hujazwa bila malipo. Marekani haizuii mtu kuingia au kutoka na fedha zaidi ya dola 10,000, wala haizikati kodi kwa kuandikishwa. Inataka kujua ni za nani, zimetoka wapi na zinakwenda wapi, ili kuzuia fedha za uhalifu zisivuke mipaka ndani ya mabegi. Umoja wa Ulaya una utaratibu kama huo kwa yuro 10,000 na Uingereza kwa pauni 10,000. Tanzania na Kenya nazo zinamtaka anayebeba dola 10,000 au zaidi azitolee taarifa, awe anaingia au anatoka.

Tofauti ndogo za sheria ndizo zinazowanasa watu. Ulaya, yuro 10,000 kamili tayari zinatakiwa kuandikishwa, ilhali Marekani sharti linaanza pale kiasi kinapozidi dola 10,000. Marekani pia hujumlisha fedha za familia inayosafiri na kujaza tamko moja. Kuwagawia mke na watoto noti ili kila mmoja abaki chini ya kiwango, kwa nia ya kukwepa fomu, ni kosa linalojitegemea.

Dhahabu, saa na vito

Tangu Juni 3, 2021, Ulaya inazihesabu pia sarafu zenye dhahabu isiyopungua asilimia 90, na vipande vyenye asilimia 99.5 au zaidi, kuwa fedha taslimu. Mtu mwenye yuro 6,000 mfukoni na kipande cha dhahabu cha yuro 5,000 amekwisha kuvuka kiwango. Falme za Kiarabu zinataka taarifa kwa thamani inayozidi dirhamu 60,000, na hesabu hiyo inaingiza madini ya thamani na vito. Wanaorudi kutoka soko la dhahabu la Deira wakumbuke kwamba wanakaguliwa mara mbili, wakitoka Dubai na wakiingia kwao.

Vidani na saa za kuvaa viko chini ya kanuni nyingine, ile ya mizigo binafsi. Mgeni anayeingia nchi akiwa amevaa dhahabu yake na kutoka nayo kwa kawaida hatozwi kitu. Nia ikibadilika, kila kitu hubadilika. Januari 2024 Arnold Schwarzenegger, mwigizaji na gavana wa zamani wa California, alizuiwa kwa takriban saa tatu uwanja wa ndege wa München kwa sababu ya saa ya kifahari ambayo hakuitolea taarifa. Saa ilikuwa yake, lakini ilikuwa ikienda kupigwa mnada wa hisani nchini Austria. Maana yake ingebaki Ulaya, na kinachobaki ni bidhaa inayoingizwa. Umaarufu haukumsaidia.

Mkazi anayerudi kwao ana hatari kama ya Horigome: ofisa kudhani kwamba kamera au mkufu aliotoka nao umenunuliwa safarini. Marekani ina fomu namba 4457 ambayo forodha huipiga muhuri kabla ya safari, ikiorodhesha vitu na namba zake. Afrika Mashariki, mwenye kifaa cha thamani na apite dawati la forodha kabla ya kuondoka aombe kiandikishwe. Stakabadhi ya ununuzi, picha yenye tarehe na namba ya kifaa husaidia pia, vikiwekwa kwenye simu na nakala ikaachwa nyumbani.

Zawadi zinazokataliwa

Karatasi haziokoi kila kitu. Tanzanaiti, inayochimbwa Mirerani mkoani Manyara peke yake duniani, imezungushiwa ukuta wa takriban kilomita 24 uliozinduliwa Aprili 2018 ili kuzuia utoroshaji. Jiwe ghafi si kitu cha kutia mfukoni na kuondoka nacho. Mnunuzi wa jiwe lililokatwa anunue kwa muuzaji mwenye leseni, achukue stakabadhi na hati ya kusafirishia.

Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, uliokubaliwa mwaka 1973, unagusa zawadi nyingi za pwani: bangili za gamba la ng'amba, matumbawe, na bila shaka pembe za ndovu. Mpingo umo pia kwenye orodha tangu Januari 2017, lakini vinyago vilivyokamilika vyenye uzito wa mti usiozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja havihitaji kibali cha CITES.

Begi likipotea, mali ikizuiwa

Vitu vya thamani visitiwe kwenye begi linalokwenda tumboni mwa ndege. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, fidia ya mizigo iliyopotea, kuharibika au kuchelewa ina kikomo, ambacho tangu Desemba 28, 2024 ni kama dola 2,000 kwa abiria, hata kama ndani mlikuwa na dhahabu ya mara kumi yake. Anayelazimika kuzidi kikomo hicho hutangaza thamani maalumu wakati wa kukabidhi begi, na hulipia nyongeza ikihitajika. Begi likiharibika, malalamiko yaandikwe ndani ya siku saba. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu lipokelewe.

Na ofisa akizuia mali, msafiri asiondoke dawatini bila hati inayotaja kitu, kiasi au uzito, na sababu. Ulaya inaweza kushikilia fedha kwa siku 30, na muda huo kurefushwa hadi 90. Katika Afrika Mashariki, sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 humpa mwenye mali mwezi mmoja wa kuidai kwa maandishi kwa Kamishna, akieleza ni mali gani na imezuiwa lini. Mwezi ukipita bila barua hiyo, mali huhesabiwa kuwa imetaifishwa.