Kemia ya Jikoni Haingoji Kiingereza

Wapo wazazi wengi, na baadhi yao ni wasomi, wanaoamini kwamba kemia ni mali ya maabara na kwamba haitamkiki ila kwa Kiingereza. Mimi ni mtu wa isimu, si wa maabara. Hata hivyo nathubutu kusema kuwa imani hiyo inawapunja watoto wetu. Sera ya elimu nchini Kenya humruhusu mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika madarasa matatu ya mwanzo, kisha Kiingereza hushika hatamu. Hapo ndipo sayansi inapohama nyumbani kwao.

Chukua mfano wa Makindu, ninakokwenda likizoni kuwaona wapwa wangu. Maji ya visima vingi vya huko ni magumu. Sabuni haitoi povu, na birika hushika gamba jeupe ndani. Mtoto ayajuaye haya tangu utotoni amekwisha kuingia mlango wa kemia pasipo kuambiwa. Mpe chupa mbili za maji hayo. Katika moja atie magadi kidogo, yale yale ya kulainishia mbaazi na isyo, asubiri yatulie. Kisha atie kipande sawa cha sabuni katika kila chupa na kutikisa. Yenye magadi itatoa povu zaidi, kwa kuwa magadi huyatenga madini ya chokaa yanayoisumbua sabuni. Isitoshe, magadi hayo si mageni katika njia hiyo: tawi la reli liendalo Ziwa Magadi lilianzia Konza, kwenye reli ile ile ipitayo Makindu.

Gamba la birika nalo likwanguliwe na kudondoshewa maji ya limau au ya ukwaju. Vipovu vitatoka: ni hewa ya kaboni dioksidi, iliyofunguliwa na asidi.

Lugha yetu inayaeleza haya vizuri ajabu. Maji huchemka, sukari huyeyuka, maziwa huganda, uji huchacha. Lakini sisi pia huchemsha, huyeyusha, hugandisha, huchachusha. Kwa mnyambuliko mdogo tu wa kitenzi mtoto ametoka katika kutazama na kuingia katika kujaribu. Na wale wanaodai kwamba istilahi hatuna, wakumbushwe kuwa TUKI ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Tatizo ni kwamba tumeiacha rafuni.

Ila si kila kilichomo nyumbani ni cha kuchezea. Magadi huwasha macho. Jiki isichanganywe kamwe na limau, siki wala dawa ya kusafishia choo, kwani hutoa hewa ya klorini, nayo ni sumu. Mtu mzima asiondoke mekoni.

Jaribio lililowapendeza zaidi wapwa wangu ni la manjano, kiungo hiki ambacho hutia rangi dengu hata pale hekaluni kwa Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926, wanakolisha wasafiri bila malipo. Tulikoroga manjano kwa maji, tukapaka kitambaa cheupe, tukaacha kikauke. Tone la maji ya magadi likaacha doa jekundu.

“Mjomba, mbona limekuwa kama damu?” akauliza mdogo wao.

Nikamwambia ajibiwe na limau. Akadondosha, na umanjano ukarudi. Ndipo dada yake akakumbuka shati la shule lililomwagikiwa mchuzi, ambalo doa lake liligeuka jekundu liliposuguliwa kwa sabuni ya mche. Kumbe sabuni na magadi ni wa ukoo mmoja, akasema. Wote ni alikali. Neno hilo alilisikia kwangu dakika chache tu kabla, na tayari alikuwa akilitumia kwa hoja yake mwenyewe.

“Na majivu je?” akauliza yule mdogo.

Tukachota majivu ya kuni, tukayaloweka, tukayachuja kwa kitambaa. Tone la kwanza likageuza rangi kuwa nyekundu.