Kuku wa Uani na Kuku wa Kizimbani

Msafiri atokaye Songea kwenda Makambako hupita Madaba, katika Mkoa wa Ruvuma, mmoja wa mikoa inayoilisha Tanzania kwa mahindi. Huko, kama ilivyo vijijini kwingi, kuku hufunguliwa alfajiri. Hupekua ardhi, hula wadudu, majani na punje zilizodondoka, na jioni hurudi kulala. Huyu ndiye kuku wa kienyeji, ambaye kwa kawaida hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka.

Kuku wa kisasa wa mayai hutaga zaidi ya 250. Ili kuyapata mavuno hayo kwa gharama ndogo, mwanadamu alibuni ufugaji wa mfano wa kiwanda. Maelfu ya kuku huwekwa katika jengo moja, mara nyingi ndani ya vizimba vya waya vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka. Vizimba vya namna hiyo huuzwa Tanzania pia. Kwa hiyo swali lililoulizwa Ulaya miaka mingi iliyopita linamhusu sasa mfugaji wa Madaba: je, ni haki kumtendea mnyama hivyo kwa ajili ya chakula?

Mahitaji ya kuku

Mwaka 1964 Ruth Harrison wa Uingereza alitoa kitabu kilichofichua maisha ya wanyama katika mabanda hayo. Serikali ya nchi hiyo iliunda kamati chini ya Profesa Brambell. Katika ripoti yake ya mwaka 1965, kamati ilisema kwamba mnyama afugwaye hana budi kupata nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Hata hivyo, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1999 iliendelea kuruhusu, hadi mwisho wa 2011, kizimba kitupu chenye sentimita za mraba 550 kwa kila kuku. Karatasi ya A4 ina sentimita za mraba 624 hivi.

Kuku si mashine. Anao ubongo na mishipa ya fahamu, naye huhisi maumivu. Kuku anayekaribia kutaga hutafuta kiota. Asipokipata huhangaika huku na huko, hata kama tangu kuanguliwa hajapata kukiona. Kushiba peke yake, basi, hakumalizi mahitaji yake.

Uhuru bila matunzo

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kuku wa uani hana mateso. Ugonjwa wa kideri, uitwao pia mdondo, ukiingia kijijini huweza kuua karibu kundi zima. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto na inayotengenezwa nchini, huwekwa tone moja katika jicho la kuku na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mfugaji anayeweza kuipata lakini akaipuuza naye ana lawama. Anayemfungia mnyama humnyima uhuru, na anayemwacha bila kinga humnyima ulinzi.

Mahindi na sahani ya mtoto

Kuku wa nyama huhitaji takriban kilo 2 za chakula ili aongeze kilo 1 ya uzito, na sehemu kubwa ya chakula hicho ni mahindi, ambayo watu pia huyala. Kuku wa kienyeji hashindani sana na mtu, kwa kuwa hugeuza wadudu na masalia kuwa nyama. Lakini mayai yake ni machache, wala hayawezi kutosheleza miji mikubwa.

Je, nyama iachwe kabisa? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Katika Mkoa wa Njombe, unaopakana na Madaba na wenye mahindi tele, walikuwa takriban nusu. Ugali peke yake haumjengi mtoto. Yai au kipande kidogo cha nyama humpa protini bora na vitamini B12. Kwake yai si anasa. Hali ya mtu mzima alaye nyama kila siku, hali ana maharage na vyakula vingine vya kutosha, ni tofauti. Huyo aweza kupunguza bila kudhurika.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili. Kati ya uani na kizimba ipo pia njia ya tatu: banda pana lenye maranda, viota, fito za kulalia na chanjo kwa wakati. Gharama yake huongeza bei ya yai. Ni juu ya mlaji kuamua kama yuko tayari kuilipa, badala ya kumwachia kuku ailipe.

Zoezi: Wanafunzi wachore sakafuni eneo la sentimita za mraba 550, kisha wampime kuku mzima aliyekunjua mabawa. Wajadili waliyoyaona.