Viwimbi vya Kikamba na Mipangilio ya Kihariri

Mswahili akisoma "tuma kyondo" atadhani kikapu kinapakiwa kwenye basi la Nairobi. Mkamba wa Kasikeu akisoma maneno hayohayo atajua kwamba ameagizwa asuke. Kwa Kikamba, tuma ni kushona au kusuka. Kupeleka mtu au mzigo ni tũma, kwa u yenye kiwimbi juu. Lugha hiyo ina irabu 7: zile tano ambazo Waswahili wanazijua, pamoja na ĩ, ambayo sauti yake iko kati ya i na e, na ũ, iliyo kati ya u na o.

Kwa kalamu, kiwimbi hakimsumbui mtu. Taabu huanza pale maandishi yanapokwenda kwenye tovuti.

Kasikeu ni wadi ya eneo bunge la Kilome, Kaunti ya Makueni, kaunti iliyosifiwa kwa kuwashirikisha wananchi katika bajeti kuanzia ngazi ya kijiji. Tuseme ofisa wa wadi anataka kuwatangazia wakazi mkutano kwa Kikamba. Haandiki HTML kwa mkono. Anafungua kihariri ndani ya mfumo wa kusimamia maudhui: kisanduku chenye vitufe vya herufi nzito, orodha na viungo, kinachofanana na Microsoft Word. Mara nyingi kilicho nyuma ya kisanduku hicho ni TinyMCE, inayotumiwa na Joomla, au CKEditor, inayotumiwa na Drupal. CKEditor ilianzishwa mwaka 2003 na Frederico Caldeira Knabben.

Kihariri hakipokei kila kitu, kinachekecha. Kila herufi inayochapwa hugeuzwa kuwa msimbo, na mipangilio ndiyo inayoamua kipi kipite na kipite kwa sura gani. Mipangilio hiyo huwekwa mara moja, na mtu ambaye pengine hajawahi kusoma sentensi ya Kikamba.

Chanzo cha taabu ni cha zamani. Jedwali la herufi la ISO 8859-1, lililotengenezwa kwa ajili ya lugha za Ulaya Magharibi, lilizipa nafasi ã na õ za Wareno na ñ ya Wahispania. Herufi ĩ na ũ hazikuwemo. Hata HTML 4 ya mwaka 1997 haikuzipa majina. Unicode ndiyo iliyozipa makazi: ĩ ni 0129 na ũ ni 0169.

Katika UTF-8, njia ya kuhifadhi herufi za Unicode, ũ huhifadhiwa kwa baiti mbili, C5 na A9. Programu inayozisoma kwa jedwali la zamani hudhani ni herufi mbili, hivyo jina la wadi nyingine ya Kilome, Mũkaa, hutokea kama "MÅ©kaa". Hifadhidata isiyo na nafasi ya herufi hiyo huweza kuweka "M?kaa", na hapo kiwimbi kimepotea moja kwa moja. Programu ya hifadhidata ya MySQL iliendelea kutumia latin1, aina ya jedwali hilo la zamani, kama chaguo lake la msingi hadi toleo la 8.0 la mwaka 2018, kwa hiyo tovuti za kale zinafaa kukaguliwa na kuhamishiwa utf8mb4.

Kosa jingine halionekani kwa macho. Kihariri kikipangwa kugeuza herufi ngeni kuwa namba, kitahifadhi "Mũkaa". Ukurasa utaonekana sawa, lakini anayetafuta jina Mũkaa ndani ya hifadhidata hatalipata. Katika TinyMCE dawa yake ni kuweka entity_encoding kuwa raw, ili herufi ihifadhiwe kama ilivyoandikwa.

Halafu kuna suala la kuchapa. Kibodi nyingi za ofisini hazina ĩ wala ũ, na mwandishi aliyechoka huamua kuandika bila viwimbi. CKEditor 5 inaruhusu kanuni fupi ya kugeuza: mtu akichapa u~, kihariri kinaandika ũ papo hapo. Kanuni nne zinatosha, mbili za herufi ndogo na mbili za herufi kubwa. TinyMCE nayo ina jedwali la alama maalumu linaloweza kuongezewa herufi hizo.

Maandishi yanayonakiliwa kutoka PDF huweza kuja na u ikifuatwa na kiwimbi kinachojitegemea, Unicode 0303. Kwa jicho ni ũ ileile. Kwa kompyuta ni herufi mbili. Mfumo uziunganishe kwa kanuni ya Unicode iitwayo NFC kabla ya kuyahifadhi maandishi.

Mwisho, aya za Kikamba zitambulishwe kwa msimbo wa lugha, kam, na kichujio cha HTML kiruhusu utambulisho huo upite. Bila hivyo, programu inayowasomea wasioona huweza kuyatamka maneno hayo kama Kiingereza.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakamba zaidi ya milioni 4.6, na Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka serikali kukuza matumizi ya lugha za Wakenya. Basi anayejenga tovuti ya wadi, shule au chama cha wasusi aandike Mũkaa, Kĩkamba na tũma, ahifadhi, afungue ukurasa kwa simu, kisha ayatafute maneno hayo matatu. Likikosekana hata moja, arudi kwenye mipangilio kabla ya kuizindua.