Machozi Yaliyochorwa Ukutani

Ndugu msikilizaji, redio haina macho. Kwa hiyo juma hili nakuomba uniazime masikio, nami nikuazime macho yangu, tutazame picha moja iliyoko Padova, kaskazini mwa Italia. Huko, mnamo mwaka 1305, mchoraji Giotto alipamba kuta za kanisa dogo la tajiri Enrico Scrovegni. Alichora juu ya lipu mbichi, ili rangi ikauke pamoja na ukuta.

Picha yenyewe ni ya msiba. Yesu ameteremshwa msalabani, amelazwa. Mama yake amemkumbatia shingoni na kusogeza uso karibu kabisa na wa mwanawe, kama anayesikiliza pumzi. Maria Magdalena ameshika miguu. Yohana ametupa mikono nyuma. Hata malaika angani wanalia.

Je, kuwaonyesha watakatifu wakilia hivi si kuwavunjia heshima? Nionavyo mimi, sivyo. Katika zama zile wahubiri, hasa wafuasi wa Fransisko wa Assisi, waliwahimiza waumini wayawaze mateso ya Yesu kana kwamba wapo pale pale. Wachoraji wa Bizanti nao walikuwa wamekwisha kuchora huzuni kabla yake. Alichoongeza Giotto ni uzito wa mwili: watu wake wanakalia ardhi, na majonzi yanawainamisha.

Mbele kabisa wameketi watu wawili waliotupa mgongo. Nyuso zao hatuzioni, lakini mabega yao yanatosha. Aliyewahi kuingia nyumba yenye msiba anawajua watu hao: wamefika kabla yetu, nasi tunaketi nyuma yao. Ndivyo mtazamaji anavyogeuka mfiwa.

Sasa tutazame alama. Kutoka juu kulia, jabali linateremka moja kwa moja hadi kwenye nyuso za mama na mwana. Jicho halina pengine pa kwenda. Juu ya jabali hilo umesimama mti mmoja mkavu. Wataalamu wengi huufananisha na mti wa bustani ya Edeni, ulionyauka kwa dhambi ya Adamu. Kwa hiyo mti nao uko matangani.

Lakini usiondoke, msikilizaji. Sogea hatua moja kulia, kwenye picha inayofuata. Kristo amefufuka, na upande wake miti ina majani mabichi. Magdalena, yule yule aliyeshika miguu, amepiga magoti na kunyoosha mikono, wala haruhusiwi kumgusa.

Hapo ndipo ninapoona ufundi wa Giotto. Mti mkavu peke yake ungekuwa fumbo la wasomi. Kwanza alituliza sisi sote, msomi na asiyejua kusoma. Ndipo akatuonyesha jani bichi. Asiyelia katika picha ya kwanza hataelewa kwa nini jani lile lina thamani.

Mwaka 2021 UNESCO iliziingiza kuta hizo katika Urithi wa Dunia. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.