Saa ya mkononi nayo hutiwa kalafati

Mtoto wa kaka yangu anafanya kazi Muscat. Alipokuja Amu kwa likizo mwaka jana alinivua saa yangu ya mishale akanivisha saa mahiri. "Ami," akaniambia, "hii itakuhesabia hatua na mapigo ya moyo." Nikashukuru, ingawa mpaka leo yaniandikia 7:00 ilhali mimi na majirani zangu wa Langoni twasema saa moja. Hilo ni kero la siku nyingine.

Baada ya wiki chache saa ikaanza kunisumbua kwa arifa: kuna toleo jipya la programu yake, nibonyeze hapa. Nikawa nabonyeza palipoandikwa "baadaye", tena kwa Kiingereza. Nilifanya hivyo kwa miezi 3. Saa yaonyesha wakati, yahesabu hatua, sasa toleo jipya la nini? Siku moja kijana akanipigia simu, akaniuliza nambari ya toleo nililo nalo, nikamsomea. Alishtuka. "Ami, umeiacha wazi muda wote huo?" Nikamwuliza kilicho wazi ni nini. Hapo ndipo kijana aliyezaliwa na kulelewa Amu, mwenye Kiswahili cha kuonewa wivu, aliposhikwa na kigugumizi na kuhamia Kiingereza. Nami, niliyefundisha isimu kwa zaidi ya miaka 30, sikuwa na neno la kumkopesha.

Si kwamba hatuna neno kabisa. Tunalo "sasisho". Limetokana na kielezi "sasa", likanyambuliwa kuwa kitenzi "sasisha", yaani kukifanya kitu kiwe cha sasa, kisha likarudi kuwa nomino. Limeenea kupitia simu zenye menyu za Kiswahili, na kimofolojia sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni wa maana. Sasisho lasema kwamba kitu kimekuwa kipya. Halisemi kwamba kilikuwa kinavuja. Kampuni zinapotoa toleo jipya la mfumo endeshi wa saa, hufunga katika furushi moja vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Kuna mapambo: sura mpya za saa, rangi, namna mpya ya kuhesabu usingizi. Na kuna marekebisho ya usalama, ambayo aghalabu hupewa sentensi moja kavu mwishoni. Mtu anayeridhika na saa yake husikia habari ya mapambo tu, naye ana haki ya kusema baadaye.

Jibu nililipata mahali ambapo sikulitafuta. Nilikuwa nimekwenda Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi katika kisiwa chetu, kwa shughuli za harusi. Pwani palikuwa na jahazi limepandishwa juu, na wazee wawili wakishindilia nyuzi za pamba zilizorowekwa mafuta katikati ya mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Hiyo ndiyo kalafati. Nimelijua neno hilo tangu utotoni, pamoja na jamaa zake: sifa, yaani mafuta ya papa yanayopakwa ubaoni, na deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaopakwa sehemu ya chini inayokaa majini. Nikamwuliza mzee mmoja, aliyenizidi kwa miaka kama 20, jahazi lile lilikuwa limeharibika nini. Akanitazama kana kwamba nimeuliza anayekwenda kunyolewa ana ugonjwa gani. "Halikuharibika," akasema. "Mai hayana subira, mwanangu."

Wazee wa visiwa hivi hawakuwahi kudhani kuna chombo kisichovuja. Mtepe, ule uliokuwa fahari ya Lamu na Pate, haukupigwa hata msumari mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Ulivuja, na kila baharia alijua unavuja, kwa hiyo kulikuwa na mtu wa kufua maji njia nzima. Ubao hukauka ukanywea, hulowa ukafura, na kila mara viungo huachana kidogo. Swali halikuwa kama kuna tundu, bali ni nani atakayeliona mwanzo: fundi au maji.

Na programu ya saa je? Hiyo nayo imeungwa kwa mbao nyingi, yaani mistari mingi mno ya maagizo iliyoandikwa na watu wengi kwa miaka mingi. Viungo vyake huachana vipi? Nitumie vipimo vya sokoni. Pishi moja ni vibaba vinne. Programu inapopokea kitu kutoka nje, tuseme picha, hutenga kwanza chombo cha kukiwekea katika kumbukumbu yake. Mwandishi wa programu akikosea hesabu, chombo kilichotengwa huwa cha kibaba ilhali mzigo unaokuja ni wa pishi. Mzigo utafurika na kumwagikia kapu la jirani. Ikiwa kapu lile limebeba maagizo ambayo saa huyafuata, basi aliyetuma mzigo, kama alijua hasa kitakachomwagikia wapi, amekwisha kuandika maagizo yake mwenyewe juu ya yale ya mwenye mali. Ndiyo maana ya ile sentensi kavu, ambayo wafasiri wetu wangeitafsiri "uchakataji wa picha iliyoundwa kwa nia mbaya unaweza kusababisha utekelezaji wa msimbo holela". Kila neno ni sahihi, na hakuna bibi wa Shela wala mhadhiri wa Nairobi atakayeshtuka. Kwa Kiswahili cha watu: mtu aweza kukutumia picha, na picha hiyo ikaiamuru saa yako ifanye atakalo yeye.

Haya si mambo ya kubuni. Julai 2019 Apple ililazimika kuizima kwa muda programu ya Walkie-Talkie katika saa zake, baada ya kubainika kuwa mtu angeweza kuitumia kusikiliza kupitia iPhone ya mwenzake bila ridhaa. Ilirekebishwa mwezi huohuo katika toleo la watchOS 5.3. Zito zaidi ni la Septemba 2021. Watafiti wa Citizen Lab, wa Chuo Kikuu cha Toronto, walipata katika simu ya mwanaharakati wa Saudia faili zilizojifanya picha ndogo za kuchezacheza, kumbe ndani hazikuwa picha hizo. Zilitumia kosa lilelile la kibaba na pishi: hesabu ya ukubwa ilipinda, chombo kikatengwa kidogo kuliko mzigo. Mwenye simu hakuhitaji kubofya chochote. Zilimwingiza jasusi aitwaye Pegasus, anayeuzwa na kampuni ya NSO ya Israeli. Tarehe 13 Septemba Apple ilitoa marekebisho ya simu na kompyuta, na pia ya saa: watchOS 7.6.2. Wengi husahau hilo la saa. Mbao zilezile zilizounda simu ndizo zilizounda saa, na tundu lilikuwa kotekote.

Anayedhani Pegasus ni habari ya Uarabuni na Ulaya, akumbuke kwamba Desemba 2021 shirika la habari la Reuters liliripoti kuwa simu za wafanyakazi wasiopungua 9 wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani zilikuwa zimeingiliwa kwa jasusi huyo. Walikuwa ama Uganda au wakishughulikia mambo ya Uganda.

Kuna jambo lingine ambalo neno sasisho halilisemi, nalo ndilo lililonifanya nijutie miezi yangu 3. Siku kampuni inapotangaza kwamba imeziba tundu, imetangaza pia kwamba tundu lilikuwapo. Wezi hulichukua toleo la zamani na jipya, wakayalinganisha, wakaona kilichobadilika. Aliyeziba hana hofu nalo tena. Aliyebonyeza "baadaye" amebaki na tundu lenye ramani.

Sasa tuite nini? Wengi husema "kiraka cha usalama". Ni tafsiri ya haraka na inaeleweka, lakini kiraka katika Kiswahili hakina heshima. Kiraka ni cha suruali iliyochanika. Wanasiasa wa Kenya na Tanzania wakitaka kuidharau katiba husema ina viraka. Ukimwambia mtu saa yake ya maelfu ya shilingi yahitaji kiraka, umemwambia ameuziwa kitu kibovu, na atakuwa na sababu ya kukasirika au kupuuza. Kalafati haina aibu hiyo. Jahazi zima hutiwa kalafati, jipya hutiwa kalafati, na nahodha anayejivunia chombo chake ndiye anayekuwa wa mwanzo kukipandisha pwani.

Najua pingamizi. Neno la mabaharia litafika Eldoret? Wapo watakaonikumbusha safari ya "tarakilishi", iliyofundishwa Kenya kwa bidii huku Tanzania ikibaki na "kompyuta" yake, na sokoni hata Wakenya wakasema kompyuta. Sibishi. Wala si neno letu sisi wa pwani peke yetu. Waarabu wanalo, Wareno wana "calafate", na wanaisimu hubishana nani alimkopesha nani. Kama kalafati ni mbali mno, basi angalau tuseme "kuziba matundu", na tuyatenge katika arifa: haya ni mapambo, haya ni matundu tuliyoziba. Hilo halihitaji baraza la istilahi.

Kuna mahali kalafati haisaidii. Saa nyingi za visiwani ni za mtumba au za zawadi, zimekwisha kuvaliwa Dubai au Muscat. Mwaka 2022 Apple ilipotoa watchOS 9, saa za Series 3 ziliachwa nje. Saa kama hiyo yaweza kuonyesha wakati kwa miaka mingine, ila mafundi wameondoka pwani. Anayemnunulia mzazi wake saa ya bei nafuu aulize kwanza kama bado yapokea matoleo mapya, kabla ya kuuliza kama kioo kina mikwaruzo.

Yangu nilikwisha kuishughulikia. Ilitaka iwe kwenye chaja, betri ifike nusu, na simu iwe karibu yenye intaneti ya Wi-Fi. Umeme ulikatika mara moja, nikaanza upya. Ilipomaliza haikuwa na sura mpya wala rangi mpya, na bado yaniandikia 7:00. Wasomaji wa Kizingitini, Vanga, Tanga na Unguja wanaojua jina lingine la kazi ile ya pamba na patasi, naomba waniandikie.